Mkono Ulioingia Pichani

Fundi cherehani alikuwa amevua blauzi na kuupa mgongo mlango wa zahanati, akijikuna na kulalamika kwa pamoja. Tabibu akamvuta ngozi kwa mkono wa kushoto ili vipele vionekane vizuri, akapiga picha kwa simu na kumtumia daktari wa ngozi aliyekuwa mji wa mbali. Walikuwa wakisaidiana hivyo muda mrefu bila kuonana. Alimjua kwa sauti tu.

Daktari akapiga kabla fundi hajavaa, sauti yake ikasikika chumba kizima.

"Huo mgongo ni mzio wa kawaida, mpe dawa ya kupaka. Ila mkono unaovuta ngozi ni wa nani?"

Tabibu akaitazama picha. Nyuma ya kiganja chake palikuwa na baka lililopauka. Alikuwa akiliona kila siku, akidhani ni sabuni za kunawia.

"Wangu."

Daktari akamwagiza: "Fumba macho. Huyo mama akuguse hapo kwa pamba. Ukihisi, sema."

"Leo mgonjwa ndiye daktari!" fundi akacheka, akachukua pamba.

Tabibu akafumba macho. Nje mtu alikuwa akifagia. Alisikia kila mkwaruzo wa ufagio. Akangoja, akangoja.

"Anza basi, shoga."

Fundi hakucheka tena. "Mbona nimeshaanza zamani? Nakugusa sasa hivi."

Alipofumbua macho, pamba ilikuwa ikitembea taratibu juu ya mkono wake, kana kwamba mkono ule ni wa mtu mwingine, yeye ameazimwa tu.

"Nashuku ukoma," daktari alisema kwa upole. "Unatibika, dada yangu. Nenda hospitali wakupime, uanze vidonge mapema. Na wa nyumbani nao waangaliwe."

Vipimo vilithibitisha. Jioni alipoanza dawa, akawakalisha watu wake sebuleni na kipande cha pamba. Mumewe akapita salama, binti mkubwa naye vilevile. Kitinda mimba akafumba macho, tabibu akamgusa gotini.

Kimya.

Akamgusa tena. Mumewe akainuka kwenye kiti.

"Mama, unanitekenya!" Mtoto akaangua kicheko. "Nilikuwa najikaza!"

"Utaniua wewe!" Akamvuta kifuani, machozi na kicheko vikigombea uso wake.

Baka lilififia kadiri miezi ya vidonge ilivyosonga. Hisia zilirudi nusunusu, na hata leo akinawa humbidi autazame mkono ule kujua kama maji yameufikia.