Mwalimu wa Maroboti

Naitwa Khalfan, mtu wa Wete, Pemba. Kazi yangu ni mapokezi katika hoteli moja ya West Bay, Doha, na starehe yangu ni kuunganisha maroboti ya plastiki kutoka Japani. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Mamia ya vipande huja vimeshikana kwenye fremu. Unavikata kimoja kimoja, unavipiga msasa, unavipaka rangi, unangoja ikauke ndipo upake ya pili, mpaka roboti linakunja vidole. Mama anaamini kazi nyingi ndiyo iliyonikinga na anasa za Doha. Wapi!

Mtaa wa Al Mansoura nakaa chumba kimoja na Salum, mtoto wa ami yangu, anayehudumu mezani katika hoteli hiyohiyo. Hakuna aliyenicheka kama yeye. "Mwanamme mzima wachezea wanasesere," akisema, kisha anajigeuza kitandani.

Basi siku moja Mwangi, mwenzangu wa mapokezi, akanionyesha picha kwenye simu. Kuna kundi la wapenda maroboti linalokutana kila Ijumaa alasiri juu ya mkahawa, mtaa wa pili kutoka kwetu. Katikati ya picha kasimama Salum, meno yote nje, kashika roboti langu jekundu. Chini wameandika: Fundi wetu mpya. Ijumaa mimi huwa zamuni, na mwizi wangu alilijua hilo.

Sikurudi nyumbani kupiga kelele. Hasira za mkizi tijara ya mvuvi, nami sikutaka kuvuliwa. Lakini iliniuma. Roboti ningeweza kutengeneza jingine. Chumba kizima cha watu wasionicheka, nilichokitamani tangu nifike nchi hii, Salum alikuwa keshakiingia kwa jasho langu. Nilitaka atoke humo kwa aibu.

Nikabadilishana zamu ya Ijumaa na Mwangi, nikaenda kule juu ya mkahawa. Nilipotokea mlangoni, Salum nusura amwage chai yake ya karak.

"Karibu sana," alisema Peninah, nesi wa Kikenya anayeliongoza kundi. "Huku kila mgeni anajiintrodyusi. Jina, job, na kitu inakunyima usingizi."

Nikasimama. "Naitwa Khalfan, napokea wageni hotelini. Sijawahi kuunganisha hata roboti moja. Ila nililiona la huyu bwana Salum, moyo ukanienda mbio. Naomba anifundishe, hapa hapa mbele yenu."

Wakapiga makofi. Peninah akashusha boksi jipya kutoka rafuni, na Mumbua, msichana anayefanya kazi ya kompyuta, akaondoa vikombe mezani.

"Siku nyingine," alisema Salum.

"Wacha maringo," Mumbua akamwambia. "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo."

Salum akashika fremu, akanyofoa kipande kwa mkono. Kikakatika vibaya.

"Mwalimu, hakuna kifaa cha kukatia?" nikauliza kwa upole.

Akachukua kingine, akakichomeka begani.

"Mwalimu, huo si mguu?"

Jasho lilimtoka, nami kila swali liliniingia tamu kuliko halua ya kwetu.

"Khalfan, yatosha," alininong'oneza.

"Yatosha nini, mwalimu? Ndiyo kwanza twaanza."

Peninah akaweka mkono juu ya boksi. "Salum, ile roboti nyekundu si yako."

"Si yangu," alisema Salum, akiangalia meza. "Ni ya huyu ndugu yangu. Ijumaa nabaki peke yangu chumbani. Nilidhani nikija mikono mitupu hamtanipokea."

Wote wakanigeukia. Saa yangu imefika! Nikachukua koleo la kukatia, nikakata, nikaunganisha mkono mzima wa lile roboti jipya, nikaukunja vidole mbele ya macho yao. Nikangoja makofi. Hayakuja.

"Kumbe unajua," alisema Mumbua. "Na umemkalisha hapo ukimuuliza maswali?"

"Kaniibia!"

"Ungesimama tu useme ni yako," alisema Peninah, "tungekuamini. Tungemnyang'anya hapo hapo tukupe kiti yake. Sasa ni nani kati yenu hakutudanganya?"

Mumbua akavuta kiti, akakaa karibu na Salum na kumtia koleo mkononi. "Shika hivi. Usinyofoe, kata." Salum akakata kipande kimoja, upande upande. Wakampigia makofi, yeye! Nikabeba roboti langu jekundu, alilokuja nalo Salum, nikateremka ngazi, na hakuna aliyeniambia nirudi.

Sasa kila Ijumaa Salum yuko kule, anarudi na rangi kwenye kucha. Mimi nimerudi zamuni. Roboti langu liko juu ya kabati, nalitazama peke yangu.

Jana aliniuliza kwa adabu kabisa kama rangi ya kwanza lazima ikauke kabla ya kupaka ya pili. Ni roboti lake la kwanza, anataka kuwaonyesha wenziwe. Nikamwambia apake tu, ingali mbichi.