Mapaja ya Mkwe

Mume wangu Ephraïm ana akili, sikatai. Lakini mtu mwenye akili haagizi mifupa ya baiskeli kutoka China, akailaza juu ya meza ya chakula, kisha akaniambia nisiiguse kwa mikono yenye mafuta. Ilikuwa fremu ya kaboni, nyeusi tii, haina jina la kampuni mahali popote. Niliinyanyua kwa kidole kimoja. Sufuria yangu ya bukari, ugali wetu, ni nzito kuliko ile.

"Ephraïm, ingine iko wapi?"

"Ingine gani? Njo yote."

Vitu vingine alivitafuta kidogo kidogo. Usukani aliupata dukani kwa mzee Kasimu, magurudumu yalitoka Zambia, na gia alizitoa kwenye baiskeli iliyokanyagwa na lori. Kila bolti aliikaza kwa ufunguo maalumu unaolia tik, maana kaboni ukiikaza kwa hasira inapasuka. Hasira zote zikabaki kwangu. Kebo ya breki ya nyuma hupita ndani ya fremu, na hiyo ilikataa mchana kutwa kutokea upande wa pili. Mwishowe nilifunga pamba kwenye uzi, yeye akaiingiza tundu la juu, mimi nikavuta pumzi kwa mdomo kwenye tundu la chini. Uzi ulifika. Vumbi jeusi nalo lilifika.

"Chérie, uko génie!"

Mimi nilikuwa natema.

Taabu ya mashindano ililetwa na Dominique, bwana mmoja wa mtaa wa kitajiri wa Golf mwenye baiskeli ya jina kubwa. Alisikia habari za fremu yetu, na siku moja tukitoka misa alicheka mbele ya watu: "Carbone ya bila marque? Haitafika hata Kipushi." Ephraïm naye akaropoka kwamba katika mashindano ya kwenda Kipushi na kurudi atamwacha nyuma. Maji yakimwagika hayazoleki. Nami nilitaka ashinde kuliko alivyotaka mwenyewe, kwa sababu mama yangu alikuwa njiani kutoka Kilwa yetu ya ziwani, na tangu harusi yetu mama alimwona Ephraïm kuwa mtu wa mchezo tu. Hilo liliniuma sana.

Mama alifika na samaki wakavu na vumbi lote la barabara ile. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na neno lolote kati yao lazima lipitie kwangu, hata wakiwa chumba kimoja na masikio yao mazima.

"Laurentine, ambia bwana yako: iyi kinga, porte-bagages yake iko wapi?"

"Ephraïm, mama anauliza baiskeli yako, porte-bagages ya kubebea mizigo iko wapi."

"Ambia mama haina. Iko kinga ya course, ya mashindano."

"Ambia ye: kinga yenye haibebake hata samaki moya, ni ya kazi gani?"

Hilo sikulifikisha. Alikwisha kulisikia.

Asubuhi ya mashindano Ephraïm alivaa kaptula yake ya mbio, ile ya kubana, inayoishia katikati ya paja na haifichi siri ya mtu. Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua samaki. Mama mkwe aone mapaja ya mkwe wake? Heri ardhi immeze. Basi mume wangu, baba wa watoto wawili, akatokea dirishani, nami nikampitishia baiskeli.

Hajamaliza kona, mama akanawa mikono na kuvaa kikwembe chake kizuri.

"Twende tukaone."

Nikasema jua kali. Nikasema mguu wako, mama. Sababu yenyewe sikuweza kuitaja, kwani nani anatamka mapaja ya mumewe mbele ya mama yake? Tukapanda teksi mpaka mstari wa mwisho, na mama akasukuma watu mpaka akasimama mbele kabisa, mikono kiunoni.

Wakatokea wawili. Dominique nyuma, Ephraïm mbele! Nilipiga kelele nikasahau heshima yangu. Hapo Ephraïm akainua kichwa, akamwona mama.

Akashika breki.

Nawaambia, alishika breki, mstari uko pale. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukivuta kaptula ifike magotini, na ile haifiki. Watu wakadhani fremu imevunjika. "Bilisemwa!" mmoja akacheka. Dominique alikuwa anakaribia, nami nilitamani kulia.

"Kinga imekufa?" mama akaniuliza.

"Hapana, mama. Kinga iko muzima."

"Sasa iko naogopa nini?"

Nikatazama chini. Mama akamtazama mkwe wake, akanitazama mimi, akaelewa. Mara akageuka, akaipa barabara mgongo, akajifunika uso kwa ncha ya kikwembe. Kisha akapaza sauti, na kwa mara ya kwanza tangu harusi neno lake halikupitia kwangu:

"Pita, mutoto wangu! Miye sioni kintu!"

Ephraïm alisimama juu ya pedali akakanyaga kwa nguvu zake zote. Gurudumu lake la mbele lilivuka mstari, la Dominique likafuata.

"Nani?" mama akauliza ndani ya kitambaa.

"Njo ye, mama."

Mwanamke aliyevumilia barabara ya Kilwa akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, mgongo wake ukiwa bado umeelekea barabarani.