Kibaridi cha Ishirini

Kathini alicheka hadi mwiko ukamponyoka ukatumbukia kwenye sufuria ya ndengu.

"Nasima, hebu sikia. Mwanangu amefika Amerika juzi tu, tayari amekuwa mayai, laini kabisa. Jana ananipigia ati anakufa na baridi, hita ya chumba imeharibika. Namuuliza ni digrii ngapi. Ananiambia ishirini!"

Alikuwa na ulimi mkali Kathini, na hakuwahi kuuonea haya. Hapo Mtito Andei, ishirini ilikuwa asubuhi njema ya Julai, ya kuvaa sweta kwa maringo tu. Ndiyo maana mwanawe Mbaluka alipotaka kwenda kulala kwa rafiki yake Nzau, huko huko Amerika, mama alimkatiza: usisumbue watu kwa kibaridi hicho, kaa kwako kama mwanamume.

Nasima, mwenye duka la simu mlango wa pili, hakucheka. Dada yake alikuwa ameishi huko miaka mingi.

"Mama Mbaluka, huko hawapimi kama sisi. Kwetu maji yanaganda kwa sifuri. Kwao yanaganda kwa thelathini na mbili."

"Kwa hivyo ishirini..."

"Ni chini ya barafu, mama. Chini kabisa."

Ndengu zikaanza kuungua. Kathini alipiga simu, ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Mteja akagonga meza akidai chapati, hakumsikia. Hofu ilimshika, na aibu pia, kwa kuwa sauti iliyokuwa ikimrudia masikioni ilikuwa yake mwenyewe: kaa kwako kama mwanamume.

Hatimaye simu ikapokelewa.

"Mama." Meno yalikuwa yakigongana.

"Uko wapi?"

"Chumbani. Si ulisema nisisumbue watu?"

"Achana na nilichosema! Enda kwa Nzau. Saa hii, Mbaluka. Beba blanketi."

"Usijali, leo kuna afadhali. Imepanda mpaka thelathini." Akavuta pumzi. "Huko ni ngapi?"

Nasima aliangalia simu yake, akamwonyesha. Jasho lilikuwa likimtiririka Kathini mgongoni, na moto wa jiko ukimchoma miguu.

"Thelathini," alisema polepole. "Hapa pia ni thelathini, mwana wakwa. Sasa toka. Sikati simu mpaka nisikie Nzau akifungua mlango."

Mlango wa chumba cha Mbaluka ukalia kule mbali. Kathini akaifungua leso kiunoni, akajifunika nayo mabegani, akaikaza chini ya kidevu, akasikiliza viatu vya mwanawe vikikanyaga kitu kilichokuwa kikivunjikavunjika.