Idadi Isiyo na Mwenyewe

Malori ya maziwa yaliwasha injini, yakazima. Karatasi za kupakia zilizotoka kwenye printa zilikuwa kichekesho: kila mteja alipangiwa kreti za maziwa sawa na kreti tupu alizorudisha jana. Hospitali, iliyorudisha tatu, ilipangiwa tatu. Kioski cha pembeni, kilichozirundika wiki nzima kikazirudisha zote jana, kilipangiwa sitini!

Aliyevuruga ni mkamwana wa Mama Nukta. Yuko kwenye majaribio ya kazi, na jana ndiye aliyeongeza subrutini, kipande kidogo ndani ya programu, ya kuhesabu kreti tupu.

"Maziwa yakikaa hapa mpaka saa sita yameharibika," meneja alifoka mlangoni. "Na yakiharibika, binti, unga umemwagika. Mama Nukta, hebu kaa wewe utengeneze."

Mama Nukta ndiye aliyeiandika programu ile, na hakuwahi kuruka hata nukta moja, ndiyo maana ya jina. Ni mama mkwe wa binti huyo pia. Akakunja mikono.

"Aliyeifungua ataifunga."

Kumbe mama kanitupa, mkamwana akawaza. Akajikaza kisabuni, akaanza kusoma mstari kwa mstari, asione kitu.

Mama Nukta akamwinamia sikioni. "Mwanangu, jana mboga ulitia chumvi?"

"Nilitia, Mama."

"Na mimi nilitia. Sufuria moja, hatukuulizana."

Mkamwana akatoa macho. Subrutini haina chumba chake. Majina yote inayoyatumia ni ya programu nzima. Yeye alihesabu kreti tupu akaziweka kwenye "idadi", na "idadi" ndimo programu ilimokuwa imeshaweka kreti za kupakia. Alifuta hesabu ya mwenzake bila kubisha hodi.

Angeweza kubadilisha jina tu, akamaliza. Kidole kilishafika kwenye kitufe. Lakini kesho si atakuja mwingine na jina lile lile? Akaifuta subrutini yote, akaiandika upya kuwa prosija, kipande chenye chumba chake, yenye "idadi" yake humo humo ndani: inazaliwa prosija ikiitwa, inakufa ikimaliza, na kinachotoka nje ni jibu peke yake. Printa ikakoroma. Hospitali, arobaini.

Malori yakatoka yakipiga honi. Meneja alibaki amekunja uso. "Na akikosea tena?"

"Akikosea humo, kosa litabaki humo humo," Mama Nukta alisema. "Mimi nilimpa fununu tu. Ukuta kaujenga mwenyewe, na mimi miaka yote hii sikuujenga."

Mkamwana akainamisha kichwa, machozi yanamlenga. Alimpenda mama huyu siku ile kuliko siku ya harusi. Kukaa na mikono imekunjwa, na programu ni yako, na maziwa yanachacha! Yeye asingeweza.

Mama Nukta alikuwa ameshabeba mkoba. Alipofika mlangoni akasema, bila kugeuka:

"Leo jikoni siingii. Chumvi utatia wewe."