Waya Zilizogusana

Kabedi alikuwa fundi wa simu katika soko la Kikula, kwenye kibanda cha mabati kilichobanana na cha Suzanne, mshonaji. Wateja wapya hawakukosa kumwuliza fundi yuko wapi. Alinyoosha mkono tu apewe simu.

Mumewe, Germain, alikuwa mchimbaji. Yeye na mwenzake Glody walichimba shimo la mita ishirini na mbili upande wa Kambove, kisha njia ya pembeni wakifuata mshipa wa madini. Juu alikaa Clovis, mkuu wao, na kompresa iliyosukuma hewa chini kwa mpira mrefu. Clovis alikuwa amenunua redio mbili za mkononi, moja ya juu na moja ya chini, lakini kule chini mpira ulivuma kiasi kwamba sauti ya redio ilimezwa. Siku moja jiwe lilichomoka ukutani. Clovis alipiga kelele redioni, wala hakuna aliyemsikia. Bahati tu, jiwe likapasua ndoo badala ya kichwa.

Jioni ile Germain aliweka redio mezani mbele ya mkewe, aliyezoea kumwita kwa jina la binti yao.

"Mama Arielle, angalia hii. Iko na matundu mbili hapa pembeni. Écouteurs za simu haziingie. Nikiweka kitu ku masikio, nitasikia. Unaweza kunitengenezea adaptateur?"

"Niachie siku tatu," Kabedi alisema.

Kwa kiunganishi hicho alikuwa na plagi ya pini mbili aliyoikata kwenye redio mbovu, na tundu la écouteurs, visikizi vya masikioni, alilolitoa kwenye simu iliyokufa. Kwa mita yake alipima waya moja moja akajua ipi inapeleka sauti sikioni na ipi inatoka kwenye maikrofoni. Lakini alipounganisha mara ya kwanza, taa nyekundu ya redio iliwaka na kubaki imewaka. Redio ilikuwa inasema yenyewe, bila mtu kubonyeza.

Alihangaika nayo siku nzima kabla ya kuelewa. Katika écouteurs za simu, waya za kurudi za sikio na za maikrofoni huunganishwa kuwa moja. Kwa redio hii, waya hizo mbili zikigusana ni sawa na mtu kubonyeza kitufe cha kusema. Na redio ikiwa inasema, haisikii. Basi akazitenganisha, akaweka katikati kitufe kidogo alichokibandua kwenye kipanya cha kompyuta. Ukibonyeza zinagusana, unasema. Ukiachia zinaachana, unasikia.

Akamtuma Suzanne hadi mwisho wa soko na redio ya pili. Suzanne akasema redioni kwamba anaona aibu kuongea na chuma mbele za watu. Kabedi alimsikia vizuri sana, akacheka peke yake.

Ilibaki kujaza gundi ya moto ndani ili waya zisisogee. Lakini umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, na bunduki ya gundi bila umeme haifanyi kitu. Akazungushia utepe.

"Haijaisha," alimwambia Germain. "Waya ziko karibu karibu. Unirudishie samedi niweke gundi."

"Nitakurudishia."

Hakurudisha. Jumamosi hiyo walichimba, na Jumamosi iliyofuata pia. Germain alikuwa amekionyesha kiunganishi kwa Clovis na kwa timu ya shimo la jirani, akijisifia mkewe, "Bibi yangu njo alitengeneza." Kabedi angeweza kumnyang'anya. Hakufanya hivyo, kwa sababu alipenda kumwona akikivaa shingoni asubuhi, kabla hata ya kunywa chai.

Jumanne moja, baada ya mvua ya siku mbili, alichoka kungoja. Alifunga kibanda, akachukua gundi ya chupa, akapanda pikipiki hadi kwenye shimo. Alimkuta Clovis ameketi kando ya redio yake, anacheka. Ndani ya redio Germain alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, sauti ikikwaruza, na nyuma yake sururu ikigonga.

"Bwana yako leo ni chorale nzima," Clovis alisema. "Toka saa tatu hanyamaze."

Kabedi alitazama taa ya redio. Ilikuwa ya kijani, rangi ya kupokea sauti, na haikuzimika hata pale wimbo ulipokatika kwa pumzi.

"Toka saa tatu haijazimika?"

"Hata mara moja."

"Umwite."

Clovis akabonyeza, akaita mara mbili. Alipoachia, wimbo ulikuwa umefika ubeti mwingine.

"Hasikie," Kabedi alisema. "Waya zimegusana. Redio yake iko nasema tu. Sisi tunamusikia, yeye hatusikie."

"Basi akipanda kula, utatengeneza."

Wimbo uliisha. Ikasikika sauti ya Glody, ya mbali kidogo, ikimwita Germain yaya, yaani mkubwa wake.

"Yaya Germain, Clovis amenyamaza sana leo."

"Ile kitu haitumike toka asubuhi," Germain alijibu. "Sisikie hata neno."

"Sasa si tupande, tubaambie?"

"Apana. Clovis atamucheka bibi yangu. Amesumbuka nayo siku tatu, Glody. Nitamwambia pole pole ku nyumba. Ao sitamwambia."

Sururu ikaanza tena. Clovis alijifanya kutafuta kitu mfukoni. Kabedi alisimama pale pale, chupa ya gundi mkononi.

Ndipo mtu wa shimo la jirani alipopiga ukelele. Ardhi ilikuwa imepasuka. Ufa wa upana wa kidole ulitoka kwenye lundo la udongo uliolowa, ukaenda moja kwa moja hadi kwenye magogo ya mdomo wa shimo. Walipoukaribia, vipande vya udongo vilikuwa tayari vinadondoka ndani.

Clovis aliinama shimoni akaita mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kompresa ilimeza sauti yote. Akaitikisa kamba ya kupandishia mifuko, lakini wawili wale walikuwa ndani ya njia ya pembeni, na kamba ilining'inia mahali pasipo na mtu. Redioni Germain alikuwa akimweleza Glody habari za goti lake.

"Nashuka," Clovis alisema, akivua koti.

"Ukikanyaga pale, bulongo yote itabaangukia." Kabedi alimshika mkono. "Zima kompresa."

"Bila mupepo batakufa!"

"Ikinyamaza, batakuja kuuliza. Zima!"

Clovis hakusogea. Kabedi alikwenda mwenyewe, akavuta mkono wa mashine chini. Ikakohoa, ikatetemeka, ikanyamaza.

Kimya kilichofuata kilimtisha kuliko ufa. Kutoka redioni zilisikika pumzi za watu wawili.

"Mupepo imekatika," sauti ya Glody ilisema.

"Clovis!" Germain aliita. Wakasikia kitufe kikibonyezwa, tik, tik, tik. "Clovis, mupepo! Unalala?" Kikohozi. Mawe yakikanyagwa. Kisha sauti ile ile ikawa inatoka mahali pawili, redioni na shimoni, na Kabedi akajua kwamba wamefika chini ya mdomo.

"Pandeni!" alilia. "Inapasuka! Muache yote, pandeni!"

Glody alitoka wa kwanza, kwa kuwa Germain alimsukuma mbele. Germain alikuwa amebakiza mita moja ukingo ulipokatika. Gogo moja lilishuka na udongo, likampiga mguu, likaubana ukutani. Clovis na wanaume wa jirani walilala kifudifudi wakamvuta kwa mikono, naye akipiga kelele ambazo Kabedi hakuwahi kuzisikia kwa mtu. Walipomtoa, shimo lilijaa hadi nusu nyuma yake. Redio ya Germain ilifukiwa humo, na ya Clovis ikazimika taa.

Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Siku ya nne hospitalini, Germain alipoweza kuongea bila kusinzia, Kabedi alimwambia, "Tulikusikia. Yote uliyosema na Glody."

Germain alifumba macho.

"Kwa nini hukupanda?"

"Ningesema nini mbele ya Clovis?"

"Kwamba haitumike. Neno moja tu, Germain. Minye ningesikia aibu ya siku moja. Sasa angalia."

"Na weye kwa nini hukuniambia kwamba zikigusana nitakuwa kiziwi?"

"Nilikuambia haijaisha."

"Uliniambia haijaisha," Germain alikubali. Swali lake lilikuwa la haki, na Kabedi alilijua hilo.

Mwezi ulipita. Timu ilifungua shimo jipya, na Glody akaja kibandani kuomba kiunganishi kingine. Kabedi alimfukuza. Akarudi kesho yake, akaketi kwenye kigoda cha Suzanne hadi Kabedi akapasha moto chuma cha kulehemu.

Safari hii alizipitisha waya mbali mbali, kila moja na mpira wake, akajaza gundi. Akakining'iniza na tofali siku nzima. Akakichovya majini. Alipomkabidhi Glody, hakukiachia.

"Kabla ya kushuka, mumoja aseme, mwingine ajibu. Na kule chini usiposikia kitu, utafanya nini?"

"Nitapanda."

"Hata kama ni minye nilitengeneza?"

"Hata kama ni weye, yaya."

"Sema tena."

Glody akasema tena, na hakucheka.

Kabedi alirudi nyumbani mchana. Germain alikuwa kitandani, mguu juu ya mto. Tangu atoke hospitali, kila alipoulizwa anajisikiaje alijibu kwamba haina shida.

"Umemupatia Glody?"

"Nimemupatia."

"Ulimwambia nini?"

Akamweleza. Germain aligeukia ukutani, kisha akamgeukia mkewe.

"Kabedi," alisema. "Mguu inaniuma. Inaniuma sana toka juzi, na hapa chini inavimba."

Kabedi aliweka mkoba chini, akaenda kufunua shuka aone.