Mlango wa Hatua ya Kumi na Moja

Aliyetengeneza gemu ile hajawahi kulinda hata banda la kuku. Mimi nimelinda bohari miaka thelathini na moja, kwa hiyo usinibishie.

Ndani ya gemu wewe ni mwizi. Huna silaha, huna mbio za maana, huna rafiki. Una viatu laini na giza, basi. Unaingia nyumba ya tajiri, unapita chumba baada ya chumba, na mlinzi mmoja akikuona tu, kengele inalia, skrini inakuwa nyekundu, unarudishwa getini mwa hatua hiyo. Hakuna kuhifadhi ulipofika. Saa nzima ya kutambaa inapotea kwa sababu umekanyaga kigae kimoja kilicholegea.

Na hao walinzi! Mmoja anamkuta mwenzake kalazwa chini kwa kabali, anamulika tochi huku na huku, halafu anasema, "Labda ni panya." Panya! Ningekuwa msimamizi wake ningemvua sare mchana huohuo. Halafu huyohuyo, ukigusa kikombe vyumba vitatu mbali naye, anasikia.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Vile vivuli vimechorwa na mtu anayejua kungoja. Katika hatua ya sita unasimama nyuma ya pazia, unamsikia mlinzi akipumua, unausoma mwendo wake mpaka unajua ni lini atasimama kujikuna. Ukimpita bila yeye kujua, unaona subira yako imelipwa papo hapo. Kazini sikuwahi kulipwa hivyo. Bohari lisipoibiwa, nani atakuja kukushukuru?

Mashine yenyewe ya gemu si yangu. Ni ya binti yangu, mtoto wangu wa pekee. Mama yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu, nikamlea mwenyewe nilivyojua, yaani kwa kumlinda. Alipofika miaka ishirini na nne akaanza kutoka kila Jumamosi bila kusema anakwenda wapi. Jumamosi ya tatu nikavaa kofia nikamfuata, hatua thelathini nyuma yake, kama tulivyofundishwa. Akasimama mbele ya kioo cha duka la viatu. Nikadhani anatazama viatu, kumbe ananitazama mimi.

Hakupiga kelele. Alikuja mpaka niliposimama, akasema, "Baba, mimi si bohari."

Baadaye nikaja kujua alikuwa akijifunza udereva. Alitaka siku yangu ya mwisho kazini aje kunichukua getini, yeye kwenye usukani. Siku hiyo nilirudi kwa miguu. Yeye alishahamia mji wa mbali, kapata kazi huko, na mashine kaniachia mezani. "Cheza wewe," aliniambia akifunga begi. "Mimi nimekwama hatua ya kumi na moja. Labda utajua upande wa pili ukoje."

Miezi saba hakupiga simu. Na mimi sikupiga. Ningesema nini? Mdomo wangu umezoea "simama hapo" na "saini hapa"; kuomba radhi haujafundishwa. Nikajiwekea mpango: nipite pale alipokwama yeye, ndipo nimpigie. Nitakuwa na la kuanzia.

Basi kila siku nikimaliza chai, saa nne na robo, nafunga pazia, nakaa. Chumba kina viti viwili, na cha pili kazi yake ni kubeba shati. Siku nyingi neno langu la kwanza lilikuwa tusi kwa mlinzi wa gemu. Nitasema wazi: nilikuwa mpweke hadi nikawa namsalimia yule mnene wa hatua ya kumi na moja. Nilimpa jina, Kitambi. "Habari za zamu, Kitambi?" Hajibu, lakini angalau kila siku yupo.

Kitambi anapita mlango mmoja katikati ya nyumba, anakwenda jikoni, anarudi. Mimi napita mlango huohuo nyuma yake, najibanza kwenye kivuli cha kabati. Akirudi, anafika mlangoni, anasimama, tochi, kengele. Nimetambaa, nimengoja, nimebadilisha kivuli. Kila mara kengele. Nikasema huyu anasikia mpaka mawazo.

Jumatatu moja alinikamata mara nne kabla ya saa sita. Nikaitupa rimoti ukutani, kifuniko cha betri kikarukia chini ya kitanda. Nikaichomoa mashine, nikaifunika kitambaa. Liwalo na liwe! Jumanne nikakaa, Jumatano nikakaa. Mkate ulipoisha nikanywa chai kavu. Simu iliishiwa chaji nikaiacha, maana nani atanipigia?

Alhamisi mchana mlango ukagongwa kwa ngumi. Nikafungua, nikamkuta mama mshonaji wa ghorofa ya chini, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, na nyuma yake seremala kashika mtalimbo, tayari kuvunja mlango.

"Mzee! Uko hai?"

"Nife kwa sababu gani?"

"Haya, mwambie mwenyewe." Akanipa simu yake. Ndiye aliyekuwa akimshonea binti yangu sare za shule.

"Baba," ikasema simu. Nikakaa juu ya shati. "Siku tatu hujacheza. Napiga, hupatikani."

"Umejuaje kama sijacheza?"

"Mashine ina jina langu. Ukiiwasha, simu yangu inaniambia. Saa nne na robo, kila siku. Nikiiona najua umeshakunywa chai, naendelea na kazi."

Mimi nilimfuata asubuhi moja akanishika. Yeye kanifuata miezi saba, na mimi mlinzi mzima sikugeuka hata mara moja.

"Mbona hukupiga?" nikamuuliza.

"Mbona wewe hukupiga?"

Mama mshonaji akaanza kukagua pindo la pazia langu. Seremala akashuka ngazi na mtalimbo wake.

"Nilikosa, mwanangu," nikasema. "Siku ile, kwenye kioo. Nilikosa sana." Sijui maneno yalitoka wapi, ila yalitoka.

Alivuta kamasi kwanza. Halafu akasema, "Baba, inanionyesha pia umekamatwa mara ngapi. Mara mia mbili na kumi na nne, mlango uleule. Hivi ukishaupita unafanyaje?"

"Naufunga."

"Unaufunga?"

"Mlango ukiupita unaufunga! Mlinzi gani anaacha mlango wazi?"

"Huyo hapo! Yeye ameuacha wazi, baba. Akirudi akaukuta umefungwa, si anajua kuna mtu?" Akacheka, na kilio kilikuwa bado ndani ya kicheko. "Mlango ule mimi nilipita siku ya kwanza. Nilikwama kwa mbwa, mbele kidogo. Unatakiwa umngoje alale, kama dakika kumi, usiguse kitu. Mimi siwezi."

"Kungoja? Hiyo niachie."

Mama mshonaji alisema nibaki na simu, nikimaliza nimshushie. Nikakitoa kifuniko cha betri kwa ufagio, nikachomeka mashine, nikawasha spika ya simu, nikaiweka mezani. Nikafika mlangoni. Kidole kiliniwasha, wallahi. Nikauacha wazi. Kitambi akarudi, akapita, akaenda zake.

"Umepita?" akauliza.

"Nimepita. Namwona mbwa."

"Basi tungoje."

Tukangoja. Sikugusa kitu. Nilimsikia akipumua, nikasikia kikombe chake kikiwekwa mezani huko aliko. Hakuna aliyekata simu.

Mbwa alilala mapema, dakika ya saba. Sikumwambia.