Nafasi Ipo

Kugeuka kulikuwa kwa amri. Nyapara alipiga makofi mawili, na wanawake wote waliolalia ubavu wa kulia wakajiinua kidogo, wakahamia wa kushoto, magoti ya huyu nyuma ya magoti ya yule, kama samaki waliopangwa kwenye sinia. Aliyeumwa kiuno katikati alivumilia mpaka makofi mengine. Selo ilijengwa kwa watu kumi na wawili. Walikuwa arobaini na kitu, na kila polisi walipofanya msako wa wasiovaa barakoa, mlango ulifunguliwa wakaongezwa wengine.

"Jamani, mita moja, mita moja," mmoja wao alizoea kusema huku akisukuma mgongo wa jirani yake. Mwanzoni walicheka.

Bibi peke yake ndiye hakugeuka. Alikuwa amepewa nafasi chini ya dirisha, upana wa mtu mzima na kidogo zaidi, kwa sababu alipolalia ubavu kifua kilimbana na kikohozi kikamwamsha kila mtu. Nafasi ile iliwahi kugombaniwa hadi watu wakang'oana nywele. Alipoletwa Bibi, Nyapara alisema ni yake, na neno la Nyapara, mahabusu mwenzao aliyekabidhiwa uongozi wa selo, halikuwa na rufaa. Bibi alishtakiwa kwa kukata mti kwenye kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Mlalamikaji alikuwa shemeji yake. Mahakama zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa kabla hajasomewa mashtaka vizuri, na tangu hapo shemeji alikuwa akiishi ndani ya nyumba.

Waliyemwita Msusi alilala hatua chache kutoka kwake. Jina hilo lilikuwa kazi yake na kosa lake pia. Siku za kutotoka nje alikutwa sebuleni kwa mteja, kitana mkononi, na wanawake watatu wakisubiri zamu. Wateja walilipa faini pale pale kituoni wakarudi nyumbani, mmoja akiwa amesukwa nusu kichwa. Yeye hakuwa na cha kulipa, na shtaka lake lilikua likaitwa kueneza maradhi kwa uzembe. Kila kesi yake ilipotajwa, mwendesha mashtaka alisema upelelezi haujakamilika. Msusi alishindwa kuelewa kilichokuwa kikipelelezwa, kitana au nywele.

Asubuhi moja afande wa zamu alikuja na habari. Kamati ya Bunge ilikuwa ikikagua hali ya magereza wakati wa janga. Waheshimiwa wasingefika kwa kuogopa maambukizi. Wangezungumza na wafungwa na mahabusu kupitia kompyuta ya ofisi. Upande wa wanawake alitakiwa msemaji mmoja, na mkuu wa gereza alikuwa amemteua Msusi, kwa kuwa alimaliza sekondari, anaongea vizuri na hakohoi.

Selo ilichangamka kama iliyotembelewa na ndugu. Maji ya kunywa yalichangwa, Msusi akaoga. Mmoja akamwazima gauni lisilo na kiraka. Nyapara mwenyewe aliketi nyuma yake akamsuka, yeye aliyekuwa akiwasuka wote bila mtu kukigusa kichwa chake. Vidole vya Nyapara vilikuwa vizito, mistari ikaenda upogo, na Msusi hakumkosoa. Wakati huo wote walimpa ya kusema: maji ya bomba moja, ndoo isiyo na mfuniko, wajawazito, kesi zisizosikilizwa. Kila mmoja aliongeza lake mpaka wakaanza kusemana.

"Mengine yote ukiyasahau, yasahau," Nyapara akawakatiza. "Bibi usimsahau. Waambie kuna mtu anakufa humu."

Msusi akaahidi. Hakuahidi kwa kujitutumua. Aliona ni jambo rahisi, ni kufungua mdomo tu na kusema kitu ambacho kila mtu anakijua.

Ofisini palinukia dawa ya kusafishia sakafu. Mkuu wa gereza alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, kiasi kwamba mtu alilazimika kuinama ili amsikie. Alimpa barakoa mpya, akamtilia kitakasa mikono viganjani, akamwonyesha kiti. Akamuuliza kama ana mtoto. Msusi akasema anaye mmoja, wa kike, yuko kwa dada yake. Mkuu akauliza lini walizungumza mara ya mwisho, na Msusi aliposema hawajazungumza tangu ziara zizuiwe, yule mama akatikisa kichwa kwa huruma, akachukua simu yake mwenyewe mezani, akamsogezea.

"Wabunge wamechelewa kidogo," alisema. "Mpigie mwanao."

Dada alipokea, akalia, akamwita mtoto. Sauti ya mtoto ilikuwa imebadilika. Ilikuwa imenyooka, kama ya mtu anayejibu wageni. Alieleza kwamba jino limeng'oka na kwamba shangazi mmoja amehamia na analala kwenye kitanda chake. Kisha akauliza.

"Mama, utarudi lini?"

Msusi akainua macho. Mkuu alikuwa akimtazama kwa upole.

"Mwambie wiki ijayo," alinong'ona. "Kesi yako nimeshaizungumza na wenzetu wa mahakamani."

"Wiki ijayo, mama," Msusi akasema kwenye simu.

Alimsikia mtoto akikimbia, akipiga kelele kumwambia mama mkubwa, na mlango ukijibamiza. Ndipo mkuu akaichukua simu yake, akaifuta kwa kitambaa chenye dawa, akasema wageni wako tayari.

Kioo cha kompyuta kilijaa nyuso ndani ya visanduku. Kimoja kilionyesha paji la uso na feni ya dari. Kwingine mheshimiwa alikuwa akizungumza bila sauti, wenzake wakimwambia awashe maiki. Mwenyekiti alimshukuru mkuu wa gereza kwa ushirikiano, kisha wakaonyeshwa picha za video za bweni la wanawake. Msusi aliangalia ukumbi mpana wenye magodoro machache yaliyoachana, shuka nyeupe, ndoo ya maji yenye koki na sabuni kando yake. Aliutambua kwa madirisha. Ulikuwa ukumbi wa mikutano ya maafisa. Aliwahi kuupiga deki.

Aliyemuuliza maswali alikuwa mbunge mwanamke mwenye miwani. Hakuwa na haraka kama wenzake, na alimwita dada.

"Usiogope, dada. Mnalalaje huko?"

Msusi alijiona kwenye kona ya kioo, na barakoa mpya, na mistari ya nywele iliyopinda. Mkuu alikuwa amesimama dirishani, amewapa mgongo, anasoma kitu kwenye simu yake. Wala hakuwa akisikiliza, au alionekana hivyo. Hakuna aliyemfundisha Msusi la kusema. Hakuna aliyemtisha.

"Tunalala vizuri, mheshimiwa."

"Nafasi ipo?"

"Nafasi ipo."

Yule mbunge akavua miwani, akamsogelea kwenye kioo.

"Na wagonjwa? Kuna mwenzenu yeyote anayeumwa?"

Wiki ijayo, mama. Bado alikuwa akisikia ule mlango ukijibamiza.

"Hakuna, mheshimiwa. Tunashukuru."

Mbunge alifungua mdomo kama mwenye swali jingine, lakini mwenyekiti akasema muda ni mfupi na bado kuna gereza la wanaume. Akaongeza kwamba msemaji ametulia vizuri, pengine wenzao wa Bunge waende kujifunza kwake. Wakacheka. Visanduku vikazimika kimoja baada ya kingine.

"Ahsante, mwanangu," mkuu alisema, na alionekana kushukuru kweli.

Kutoka ofisini hadi selo kulikuwa na ukumbi mmoja na mageti mawili, na Msusi alitamani kuwe na mengine. Wote walikuwa wamesimama.

"Umesema?" Nyapara akauliza.

"Nimesema."

"Na Bibi?"

"Na Bibi pia."

Walimkumbatia wengi kwa pamoja. Nyapara aliinama akamweleza Bibi sikioni, kwa sauti kubwa kwa kuwa alikuwa hasikii vizuri, kwamba Bunge zima limeambiwa habari zake na gari litakuja. Bibi akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka Msusi akaushika.

"Mungu akulipe, mwanangu," alisema.

Kesho yake wakamwosha, asije akatazamwa na madaktari akiwa vile. Msusi aliomba amwoshe yeye. Alimsugua miguu, akamkata kucha kwa kipande cha wembe, akamvalisha viatu vya raba vya Bibi, kwa sababu mwenyewe alikataa kwenda hospitali peku kama mtu asiye na kwao. Tangu hapo aliketi navyo. Kila gari liliponguruma getini alijiweka sawa, akafunga kilemba. Gari lilikuwa la kuni, au la maafisa, au la kuleta mahabusu wapya. Bibi alilegea tena, akasema labda njia ni mbaya.

Siku ya tatu pumzi yake ilianza kutoa sauti ya maji yanayochemka. Msusi alisubiri afande wa zamu apite, akamfuata hadi kwenye nondo, akamwambia kwa sauti ya chini, ili wenzake wasisikie, kwamba Bibi amezidiwa, aandikiwe kwenda hospitali. Afande alikuwa kijana mwenye adabu. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Si wewe uliyewaambia hakuna mgonjwa?" akauliza. "Leo niandike yupo. Mkuu ataonekanaje?"

Akaomba aonane na mkuu. Mkuu alikuwa semina.

Kesi ya Msusi ilitajwa kweli wiki ile. Alikaa kwenye kiti kile kile, mbele ya kompyuta ile ile, safari hii na karani aliyekuwa akila karanga. Mwendesha mashtaka alisema mpelelezi amewekwa karantini, hivyo upelelezi haujakamilika. Hakimu alipanga tarehe nyingine, kisha akauliza kama mshtakiwa ana lolote.

"Mheshimiwa, kuna bibi mmoja selo..."

"Una lolote kuhusu kesi yako?"

"Hapana, mheshimiwa, ila huyu bibi..."

"Anayefuata," hakimu akasema, na karani akamwonyesha mlango kwa kidevu.

Redio ya afande ilikuwa juu ya meza ukumbini, na mchana aliiongeza sauti ili wote wasikie taarifa ya habari. Ilikuwa kama hisani. Msusi alikuwa akimsuka msichana mmoja aliyekuwa na kesi kesho yake. Habari za Bunge zilikuja baada ya idadi ya vifo. Kamati ilikuwa imewasilisha ripoti yake na kuridhishwa na hatua za kuzuia msongamano, na mwenyekiti aliwapongeza maafisa waliojitoa mhanga. Kisha mtangazaji akasema wafungwa wenyewe wamethibitisha hayo. Sauti iliyofuata ilikwaruza kidogo, lakini hakuna asiyeijua.

"Tunalala vizuri, mheshimiwa... Nafasi ipo... Hakuna, mheshimiwa. Tunashukuru."

Halafu zikaja habari za michezo.

Vidole vya Msusi vilikuwa bado kwenye nywele za yule msichana. Msichana akainuka taratibu, msuko ukining'inia, akaenda kukaa upande wa pili. Msusi alingoja apigwe. Alijiandaa kabisa, akainamisha kichwa ili iwe rahisi. Hakuna aliyemsogelea.

Chini ya dirisha, Bibi aligeuza sikio lake zima.

"Wanasemaje huko redioni?" akauliza.

Wote wakamtazama Nyapara. Nyapara akamwinamia Bibi.

"Wanasema wanakuja, Bibi."

"Nilijua," Bibi akasema. "Watu wazima hawawezi kuambiwa jambo kama lile wakanyamaza."

Alikufa siku mbili baadaye, wakati wa kugawa uji. Walimtoa wanaume wanne waliovaa glavu, wakiwa wamemfunika blanketi hadi usoni, miguu ikitangulia na viatu vikionekana. Afande alisema imeandikwa uzee. Dawa ikanyunyizwa pale alipokuwa, basi, pakakauka.

Saa kumi jioni milango ilipofungwa, walianza kujipanga kama kawaida. Pale chini ya dirisha pakabaki wazi. Waliowahi kupagombania walijibana zaidi wasipaguse. Msusi alikuwa ameshajikunja mlangoni, karibu na ndoo, alipojihamishia mwenyewe tangu siku ya redio. Nyapara alikuja akasimama mbele yake.

"Ondoka hapo. Ukalale pale."

"Dada, siwezi. Mpe mwenye mimba."

"Si uliwaambia nafasi ipo?" Nyapara hakupandisha sauti. Alionekana amechoka tu. "Basi ndiyo ile."

Akaenda. Wakampisha, wakikusanya nguo zao asizikanyage. Sakafu ya pale ilikuwa ya baridi na bado ilinuka dawa, na hewa ya nje ilishuka moja kwa moja usoni. Alilala chali. Hakukuwa na goti la mtu mgongoni mwake. Alijiambia atakaa macho mpaka asubuhi, kwamba walau hilo linamstahili, na aliposikia makofi mawili na arobaini wakigeuka kwa pamoja, alikaza macho yake kwenye dari.

Alipoyafumbua, jua lilikuwa limeshafika ukutani. Wenzake walikuwa wameketi kwa safu, wamejishika magoti, wakimtazama. Alikuwa amelala vizuri, amenyoosha miguu yote miwili.